Herufi ya Mwisho ya H5D-8NR

Pii. Moja tu, fupi. Kisha feni zikapanda na kuvuma kama ndege inayotaka kuruka, halafu zikashuka polepole mpaka zikatulia kwenye ule mvumo wa chini ambao mtu wa kazi yetu anaweza kusinzia juu yake. Nimesikia mabomu ya kutosha maishani, lakini mlio unaonirudia ni ule.

Kwa sisi wa seva, pii moja maana yake mashini imejikagua ikajiona nzima. Pii nyingi ni malalamiko, na kila lalamiko lina hesabu yake. Kimya ni kazi ya padri. Siku ile ilikuwa moja, nami nikapiga makofi peke yangu chumbani, nikazunguka kama bibi arusi. Sikujua nilikuwa nacheza juu ya nini.

Ninyi mnaobaki na kile chumba mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijaanza kuyasahau. Vyeo na mishahara nimeviacha. Havijawahi kumfundisha mtu kufungua visi, yaani skrubu, hata moja. Nitaandika namna ya kusoma jina la carte mère, ile kadi kubwa inayobeba vingine vyote ndani ya seva. Ndicho kitu nilichofundishwa vizuri kuliko vyote, na ndicho nilichokosea vibaya kuliko vyote. Mahali fulani mtacheka. Hata mimi nacheka. Lakini mjue naandika kwa aibu.

Niliingia ofisini mwaka ule barabara zilipojaa wakimbizi, watu wamebeba magodoro, masufuria na wazee wao. Nilikuwa msichana aliyeishia deuxième secondaire, mwaka wa pili wa sekondari. Ofisi yetu iliandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi njiani, na kazi yangu ilikuwa kupanguza vumbi. Vumbi la Goma mnalijua, jeusi, la mlima, linaingia hata ndani ya yai. Nilizipenda zile mashini kama mtu anavyopenda nyumba ya jirani. Niliota siku moja nitabonyeza kidude hapa Goma na mtoto aonekane Beni, na ndoto hiyo nilimwambia kila mtu, hata ambaye hakuuliza.

Siku ya tatu Muzee Anselme, fundi wetu, alinikuta nimefungua kifuniko cha kompyuta, kitambaa kibichi mkononi.

"Weye mutoto, unataka kuiogesha?"

"Ilikuwa na vumbi, Muzee."

"Na kisha utaipaka mafuta? Utaibeba mugongoni?"

Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mwembamba, aliyevaa veston, koti la suti, hata akiwa amelala chali chini ya meza. Hakunifukuza. Alinipa burashi kavu, akanionyesha kugusa kwanza chuma tupu ili umeme wa mwilini ushuke, na kushika kadi kwa kingo kama picha ya marehemu. Kesho yake akanipa bisibisi. Baada ya mwezi alikuwa ananituma chini ya meza mwenyewe, akisema veston yake imechoka.

Miaka ikaenda, kompyuta zikawa seva, na majina ya watoto yakawa maelfu. Ndipo akanifundisha majina ya kadi. Seva yetu kubwa ilikuwa na carte mère iliyoitwa H5D-8NR. Mimi niliona ni maandishi ya kutisha wanunuzi tu. Muzee akaiweka mezani juu ya gazeti na kunyoosha kidole.

"Haina uchawi. H ni ukoo: inakuambia aina gani ya processeur, ule ubongo wa mashini, itakubali kukaa hapa. Tano ni uzazi wa tano wa ukoo ule. Ya nne na ya tano zinafanana sura, lakini uzazi mmoja ukitumia kumbukumbu za kizamani, mwingine unazikataa. D ni nafasi mbili za processeur. Ingekuwa S, ni moja. Nane ni mistari ya kumbukumbu. N ni matundu mawili ya rezo, ya mtandao, ya mwendo wa haraka."

Nikaruka. "Muzee! Hii ni kama kwetu!"

"Kwenu wapi?"

"Kwetu Butembo. Jina la kwanza linasema wewe ni wa ngapi. Kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Binti wa kwanza Masika, wa pili Kavira. Mutu akisikia Kavira tu, anajua nina dada mukubwa. Lile la mwisho wazazi wanachagua tu, la ubatizo, la kupendeza."

Muzee Anselme alicheka mpaka akafuta miwani. "Kumbe hizi kadi ni za Wanande! Basi utazisoma kuliko mimi."

Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikia, Kavira. Kila mutengenezaji iko na desturi yake. Usisome jina la Mushi, mutu wa kwetu Bukavu, kwa sheria ya Kinande. Herufi usiyoijua, usiibashirie. Fungua kitabu chake. Usiamini karatasi ya kwenye karto, lile boksi, amini kilichochapwa juu ya kadi yenyewe. Na soma mpaka mwisho."

"Na R?"

Alinionyesha kitundu cha tatu cha waya, kimejitenga na vile viwili. "Hii njo mulinzi. Kuna kadude kanakaa macho hata mashini ikilala, mradi courant, umeme, inafika. Unaweza kuwa Bukavu, ukaita kupitia hapa, ukaiwasha ukaizima, bila kuingia chumbani."

Nilisikia yote mawili, utani na onyo. Utani ndio ulioota mizizi. Kwa miaka nilisoma majina kwa njia yangu: ukoo, uzazi, idadi. Ya nyuma niliyaita ubatizo. Kitundu cha tatu kilikuwa na waya wake, lakini hatukuwahi kukitumia hata mara moja. Kila siku tulikuwa palepale na funguo mfukoni. Kitu usichokitumia huanza kufanana na pambo.

Vita vikasogea tena. Watu wa upande wa Rumangabo walishuka wakajaa Munigi, nje kidogo ya Goma, na kila siku tuliandika watoto: jina, alipoonekana mara ya mwisho, na familia iliyompokea. Katikati ya kazi ile courant ikarudi kwa kishindo baada ya siku mbili za giza, na seva ikatoa harufu ya kucha iliyoungua. Carte mère ilikuwa imekufa. Processeur, kumbukumbu na disiki zilipona.

Muzee Anselme alikuwa Bukavu akizika kaka yake. Kabla ya kwenda aliniachia kitu ambacho fundi hapaswi kumwachia mtu: fishi za kazi tatu, karatasi tupu, zenye saini yake tayari chini, ili nisikwame kwenye magazini, ghala letu la vipuri. "Nakuaminia," alisema, na akanibana shavu kama mtoto, nami nilikuwa mwanamke mzima.

Nilikwenda Birere kwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyeleta vipande vya seva kutoka mbali. Alikuwa na H5D-8N moja, mpya, kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha.

"Ile yenye R itafika juma lingine," akasema. "Ungoje, dada."

"Papa, iko na tofauti gani? H5D ni H5D."

"R iko na kazi yake. Uulize muzee wako kwanza."

"Weye Munande mwenzangu njo unaniuliza mambo ya majina? R ni ubatizo tu. Huyu ni yuleyule."

Papa Kasereka alinitazama vile watu wetu wanavyomtazama mtu anayejua. "Mi nauza tu," akasema.

Ningeweza kungoja juma. Ningeweza kupiga simu. Lakini niliona picha kichwani: Muzee anarudi kutoka msibani, anafungua mlango, anakuta mashini inaimba. Nilitaka kuwa mtu wa picha ile.

Nikaifunga kadi mwenyewe. Kila kitu kilikaa mahali pake, ila mwishoni waya mmoja wa rezo ulibaki mkononi mwangu bila tundu. Hapo ndipo kosa lilipoacha kuwa ujinga. Niliutazama ule waya. Nilijua ulitoka mahali fulani. Kisha nikaukunja, nikaufunga kwa kamba, nikausukuma nyuma ya kabati la seva. Nikawasha. Pii. Nikacheza.

Kwenye fishi, juu ya saini ya Muzee, niliandika: "Imewekwa H5D-8NR." Niliandika jina la marehemu juu ya mgeni, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye fishi zote za nyuma, na mkono ulilizoea.

Muzee aliporudi alisimama mlangoni akisikiliza feni. Ilikuwa kama kwenye picha yangu.

"Nyaya zote tatu ziko?"

"Zote, Muzee."

"Mutoto wa Kinande," akasema, na akaenda kunywa chai.

Haikupita miezi miwili, milio ya bunduki ikasikika kutoka Munigi, na ofisi ikaamriwa kuvuka ziwa kwenda Bukavu. Wakubwa waliuliza kama tubebe disiki. Muzee Anselme akakataa.

"Orodha ya watoto na fasi wanakolala? Katika barrière zote hizi za askari? Mutu mubaya akiikamata, amewakamata watoto wenyewe. Tunafunga chumba, ufunguo tunaenda nao. Mulango ni wa chuma. Mulinzi wa geti anabaki na groupe, ile jenereta, anaiwasha kila asubuhi kwa masaa mawili. Tutaiita mashini toka Bukavu kwa R."

Mniulize basi kwa nini isijiwashe yenyewe groupe ikiwaka. Tulikuwa tumeizuia, kama tunavyozizuia zote hadi leo, kwa sababu courant ya Goma hurudi na ngumi. Mashini ilikuwa ingoje kuitwa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake wakati anasema hayo. Nilikumbuka waya uliofungwa kwa kamba. Chumba kilikuwa hatua ishirini kutoka pale, na ufunguo ulikuwa ungali mkononi mwake. Sentensi moja tu ingetosha: "Muzee, R haiko." Tungetafuta njia nyingine. Nikajiambia labda itaita hivyohivyo. Nikajiambia watu wanakimbia, si wakati wake. Nikabeba mfuko wangu.

Bukavu walitupa ukumbi wa parokia, meza mbili na antena. Asubuhi ya kwanza groupe ikawaka Goma, mlinzi akatuhakikishia kwa simu, na Muzee akaandika amri ya kuita. Tukangoja. Akaandika tena. Kioo kilibaki kama ukuta.

Alikuwapo mama mmoja, Mama Zawadi, aliyefika kabla hatujafungua masanduku. Alitoka upande wa Rumangabo, akapotezana na mwanawe kwenye umati kabla ya Munigi, kisha msukumo wa watu ukamfikisha hadi Bukavu. Mtoto alikuwa ameandikwa na sisi. Jirani yake alimwona kwa macho yake mtoto akikabidhiwa familia ya Goma. Familia ipi, hakujua. Mimi ndiye niliyempokea huyo mama.

"Jina lake, mama?"

"Kambale."

"Mama, tuna ma-Kambale mingi sana."

"Kambale Sikuli. Sikuli! Ni miaka ine. Iko na kovu hapa." Akashika nyusi yake. "Bila Sikuli hamutamuona. Kambale ni wote. Sikuli njo wangu."

Mimi, Mnande mzaliwa wa Butembo, nilihitaji mama anayelia kunikumbusha jinsi majina yetu yanavyofanya kazi. Jina la kwanza linasema umetoka wapi kwenye mstari. La mwisho ndilo linalokutoa kwenye mstari, ukawa wewe.

Muzee Anselme akageuka kwenye kiti.

"Kavira. Ile uliyoweka ni NR?"

Mama Zawadi alikuwa ananitazama. Mkubwa wetu alikuwa ananitazama.

"Ndiyo, Muzee. Iko hata kwenye fishi."

Nimeandika sentensi hii mara nyingi kichwani, na kila mara natamani ibadilike.

Tuliita siku kumi na moja. Kila asubuhi Mama Zawadi alikaa kwenye benchi ileile, kitenge chake kimekunjwa vizuri magotini. Hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza, "Imeamuka?" kama mtu anayeulizia mgonjwa, na mimi nikimjibu, "Bado, mama," na kumletea chai. Aliniombea baraka kwa ile chai. Nilikuwa nakwenda nyuma ya ukumbi nakaa huko mpaka uso ukauke.

Siku ya kumi na mbili njia ya ziwa ilifunguliwa, tukarudi watatu: mkubwa, Muzee na mimi. Chumba kilikuwa salama. Muzee alifungua visi nne za kifuniko, akavua miwani, akamulika tochi mahali jina linapochapwa, karibu na ukingo. Alisoma polepole, kidole kikifuata. Kisha akamulika nyuma ya kabati, akauona waya na ile kamba. Ilikuwa kamba ya plastiki ya kijani, niliyokuwa nafungia nywele.

"Nini?" mkubwa akauliza.

"Kadi si yenyewe. Haina R."

"Fishi inasema inayo. Na saini ni yako, Papa Anselme."

Muzee aliisogeza fishi kwenye mwanga wa tochi. Mwandiko wangu mnaujua, una mikia. Akasema, "Saini ni yangu."

Nilingoja aendelee, ataje jina langu. Nilitaka alitaje, Mungu anajua, maana mimi sikuweza. Hakulitaja. Alibonyeza kidude, ikalia pii moja, na majina ya watoto yakaanza kupanda kwenye kioo. Kambale Sikuli alikuwa mtaa wa Mapendo, kwa familia ya fundi seremala.

Lakini siku ya tano ya zile kumi na moja, seremala alikuwa amekimbia na watu wake kuelekea kaskazini, na mtoto pamoja naye. Ilituchukua miezi saba kumpata. Nilikuwapo siku Mama Zawadi alipofikishwa. Mtoto alijificha nyuma ya kitenge cha mke wa seremala, akimwita huyo "mama". Mama Zawadi alichuchumaa mbali kidogo, akamwonyesha nyusi yake mwenyewe, akasubiri. Alijua kusubiri, sisi tulimfundisha. Mtoto alikuja mwishowe, kesho yake, kwa sababu ya biskuti. Kila mtu alisema ni furaha. Ilikuwa furaha. Mimi nilihesabu ile miezi saba.

Kwa ajili ya ile fishi yenye saini yake, Muzee Anselme walimwambia aende akapumzike. Siku anaondoka alinikabidhi bisibisi yake, ile yenye mpini uliofungwa kwa plasta, akaniambia, "Visi za kabati ni ine. Watu wengi wanarudisha tatu." Nilifungua mdomo. Akapandisha mkono, kama mtu anayezuia mvua. "Hapana, mama. Kama ungetaka kusema, ilikuwa ile siku." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeishi nayo vizuri zaidi.

Walinipa kazi yake. Hapo narukia mbele. Ninyi niliwafundisha kusoma jina mpaka herufi ya mwisho, niliwapiga vidole kwa ajili ya herufi ya mwisho, mkaniita Mama Mwisho mkidhani sisikii. Mliponiuliza nani alinifundisha ukali ule nikasema Muzee Anselme, ambayo ni kweli nusu. Alipofariki nilivuka ziwa kumzika. Mjane wake akanishika mikono miwili mbele ya watu: "Huyu njo mutoto wake wa kazi. Alikuwa anakutaja siku zote." Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni huzuni.

Basi, mafunzo ya kazi ni haya: ukoo, uzazi, idadi, kisha ya nyuma moja moja, na kitabu mkononi. Waya ukibaki bila tundu, usiukunje. Usitie saini karatasi tupu, hata kwa unayempenda. Hasa unayempenda.

Siku yangu ya mwisho, saa ya chakula, nyote mlipokuwa kwenye uwanja mkinipangia viti na keki, nilirudi chumbani nikafunga mlango. Seva zilikuwa zinavuma. Nilishusha klaseri ya zamani, jalada la fishi, kutoka rafu ya juu, nikapuliza vumbi, nikaitafuta ile fishi. Wino wa saini ya Muzee ulikuwa umegeuka kahawia. Nilikata R kwa mstari mmoja. Chini ya saini yake, palipobaki pembe ndogo, nikaandika aliyeinunua kadi, aliyeiweka na aliyedanganya. Niliandika kwa herufi za kuchapa ili mikia isinifiche: Kavira Lwanzo Georgette. Nikairudisha klaseri kwenye rafu ya chini, mnapofika bila kiti, nikatoka kula keki.